Unaanza usimamizi wa uendeshaji? Itafute kwanza hatua inayobana

Wanafunzi wengi wa biashara wakikutana na somo hili, la namna kazi inavyopangwa na kuendeshwa ili bidhaa au huduma itoke, hukimbilia kukariri fomula. Fomula zipo, lakini zitakuponyoka usipojua kwanza kuifuata kazi inavyopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Chukua karakana ya mashati. Kwa shati moja, kukata huchukua dakika 4, kushona 10, kutia vifungo 6, kupiga pasi 5, na kila hatua ina mtu mmoja. Jumla ni dakika 25, na hapo wengi hugawa 60 kwa 25 na kujibu kwamba yanatoka mashati mawili na kitu kwa saa. Sivyo. Watu wanne wanafanya kazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo anayeamua ni aliye polepole kuliko wote: mshonaji, mashati 6 kwa saa. Mpiga pasi anaweza 12, ila analetewa 6. Ukimpa msaidizi umeongeza mshahara tu.

Sasa leta cherehani ya pili na fundi wake. Kushona kunakuwa shati moja kila dakika 5. Je, yatatoka 12? La, 10, kwa sababu mbano umehamia kwenye vifungo. Swali hili huja kwenye mitihani kwa sura nyingi na kosa ni lile lile: mtu anapiga hesabu ya hatua aliyoirekebisha, hatazami zilizobaki.

Rudi kwenye cherehani moja, umtazame mkataji. Ana uwezo wa mashati 15 kwa saa. Akiachwa akate bila kukoma, kila saa vipande vya mashati 9 vinarundikana mbele ya mshonaji, na kwa siku ya saa 8 ni 72. Machoni pa msimamizi huyu ndiye mchapakazi. Kumbe ndiye anayechelewesha wateja. Mtafiti Mmarekani John Little alithibitisha mwaka 1961 kwamba, mfumo ukiwa umetulia, wastani wa vitu vilivyomo ndani yake ni kasi ya kuingia mara wastani wa muda ambao kila kimoja hukaa humo. Mashati 60 yakiwa njiani na yakitoka 6 kwa saa, kila shati litakaa saa 10, ingawa kazi yenyewe ni dakika 25! Dawa yake haihitaji mashine: mkataji asimame mrundo ukifika, tuseme, mashati 5, aendelee ukipungua.

Kwenye huduma mambo ni makali zaidi, maana wateja hawaji kwa mpangilio. Kwa modeli ya foleni mtakayoanza nayo, yenye mhudumu mmoja anayetumia wastani wa dakika 5 kwa mteja, akiwa na shughuli asilimia 80 ya muda wake mteja husubiri wastani wa dakika 20. Asilimia 90, dakika 45. Asilimia 95, dakika 95. Kwa hiyo meneja anayejisifu kwamba watu wake hawapati hata nafasi ya kupumua, muulize foleni yake ina urefu gani.

Tukija kwenye bidhaa za kuagiza, fomula ya kiasi cha kuagiza kila mara ili gharama iwe ndogo kabisa, ambayo mhandisi Mmarekani Ford Harris aliitoa mwaka 1913, ni nyepesi: zidisha 2 kwa mahitaji ya mwaka kwa gharama ya kuagiza mara moja, gawa kwa gharama ya kutunza kitu kimoja kwa mwaka, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mahitaji 3,600, kuagiza 50, kutunza 4: jibu ni 300. Ukiingiza mahitaji ya mwezi (300) huku gharama ya kutunza ikiwa ya mwaka, unapata 87, na kwa mwaka idadi ya safari za kuagiza itazidi mara tatu ya inavyopaswa. Gharama ya kuagiza, tena, si bei ya bidhaa. Ni usafiri, makaratasi na muda wa kupokea mzigo.

Mkitumwa kupima muda kazini, pimeni angalau mizunguko 10 kwa kila hatua, asubuhi na alasiri, na kila kipimo kiandikwe peke yake. Uzi ukikatika, andika kando umekatika mara ngapi na dakika ngapi zimepotea. Wengi huvitupa vipimo hivyo kwa kuwa vinaharibu wastani, halafu wanashangaa hesabu inasema mashati 6 na kabati lina 4.