Jibu: Jirani kasogeza mpaka, na mimi ni Mkristo

Bwana Yesu asifiwe, ndugu. Nimekuelewa: jirani kasogeza mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, vijana wako wanataka kumwendea usiku, na wewe umeambiwa ugeuze shavu la pili, yaani unyamaze.

Soma kwanza Yohana 18:23. Yesu alipopigwa kofi mbele ya Anasi, mkwewe kuhani mkuu, hakurudisha, wala hakufyata ulimi. Aliuliza, "wanipigia nini?" Kugeuza shavu ni kukataa kupiga huku ukisema kweli, tena ana kwa ana.

Mimi yalinikuta hukuhuku Kilimanjaro. Masale manne, mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, yaling'olewa, yakapandwa hatua mbili ndani ya migomba yangu. Nikafuata Mathayo 18, inayosema mwendee aliyekukosea peke yako kwanza, kisha na mashahidi: nilikwenda peke yangu, alfajiri, bila hata panga la kukatia majani. Nilimkuta anakamua ng'ombe. Nikangoja amalize, ndipo nikamwambia nilichokiona. Akakana. Nikarudi na wazee wawili walioshuhudia mpaka ukipandwa. Siku ya tatu alikuja mwenyewe na jani la sale mkononi, ishara ya kuomba msamaha, na kwetu ukiletewa jani hilo humfungii mtu mlango. Nililia, sikufichi.

Kwa hiyo tafuta kwanza nani anaukumbuka mpaka wa zamani. Vijana wabaki nyumbani kabisa. Wazee wakishindwa, nenda baraza la ardhi la kijiji, kazi yake ni usuluhishi, na kwenda huko si dhambi. Ila jirani yangu hakuwahi kunitishia. Wako kama ametishia, usiende peke yako hata mara ya kwanza.