Madogo wa fildi, kiwavi hapangi chumba na mwenzake

Jana pale Kikatiti dogo mmoja katia viwavijeshi wa Marekani 15, wale wa kwenye mahindi, kwenye ndoo moja ya mayonezi, kafunga mfuniko, kaniambia, "Tayari, bro." Nilinyamaza makusudi. Sasa andikeni namna ya kuwaokota na kuwafuga hadi wawe nondo.

1. Geuza jani. Mayai hukaa kwa mafungu, 100 hadi 200, yamefunikwa manyoya ya tumbo la mama yao. Usiyapanguse ukidhani ni ukungu.

2. Ule mchoro wa Y kichwani mwa kiwavi usikulevye. Kiwavijeshi wetu wa zamani, yule mweusi wa kutembea kwa makundi, naye ana mchoro wa namna hiyo. Huyu wa Marekani, aliyeripotiwa Afrika mara ya kwanza 2016, mtambue kwa madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia.

3. Hapa nina aibu. Nikiwa fildi kama ninyi, niliokota viwavi 24 Mbuguni, nikawajaza kopo moja la siagi na majani mabichi ya mahindi, nikalala. Asubuhi wako 11. Nikajua wametoroka. Nikainua godoro, nikakung'uta mashuka, hadi mama mwenye nyumba akaja kuuliza kulikoni. Akachungulia kopo, akaokota kichwa kimoja kikavu, kidogo kama mbegu ya mchicha. "Mwanangu, hawa wamelana." Sikumwamini, majani si yalikuwepo? Siku ya tatu wamebaki wawili, wamenona kama mabosi. Nikamwambia msimamizi wangu wamekufa kwa ugonjwa. Akageuza kile kichwa kwenye kiganja, polepole. "Huo ugonjwa una meno?" Nikarudi Mbuguni kwenye tope la masika, viatu mkononi.

Kila kiwavi na kikopo chake. Basi.

4. Chini weka udongo. Akishiba anajichimbia, anakuwa pupa, yaani hatua ya kabla ya nondo, ya kahawia inayong'aa. Kipindi cha joto ni siku nane, tisa hivi. Juzi kuna mtu, simtaji, kaumwaga udongo nje eti kiwavi kafa. Kuku wa jirani wamemshukuru.

5. Nondo dume ana baka jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele, jike amefubaa. Msiwashike mabawa, ule unga ukibaki kidoleni na alama zimeondoka nao.

Leo asubuhi tumeifungua ndoo ya mayonezi. Wako tisa. Dogo kanitazama, kaangalia ndoo, kaniangalia tena.

Nauli ya bodaboda kwenda Kikatiti nimempa mimi. Ya kurudi ajitegemee.