Bologna: lipia usingizi, usilipie ukaribu wa piazza

Ukiandika Bologna, mji wa kaskazini mwa Italia, kwenye tovuti yoyote ya kuhifadhi vyumba, hoteli zinapangwa kwa umbali kutoka Piazza Maggiore, uwanja mkuu wa mji: hii mita 150, ile mita 900. Bei nazo zinafuata mpangilio huohuo. Mji huu naupenda na nimelala pembe zake kadhaa, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba mita hizo usizilipie. Mji wa kale umezungukwa na barabara pana, viali, zilizopita mahali palipokuwa na ukuta wa enzi za kati, na karibu kila utakachotaka kukiona kimo ndani ya mzunguko huo. Kutoka kituo kikuu cha treni, ukinyoosha na Via dell'Indipendenza mpaka kwenye chemchemi ya Neptune, pembeni mwa Piazza Maggiore, ni kilomita moja na kidogo. Asiye na haraka anatumia dakika 20. Hoteli iliyo nje kidogo ya kitovu inakuongezea dakika kumi za kutembea, basi. Pesa utakayookoa hapo ielekeze kwenye kimya, lifti na kiyoyozi.

Halafu kutembea kwenyewe hapa si adhabu. Njia za waenda kwa miguu zimefunikwa na varanda ndefu za nguzo na matao, portici, na ndani ya mji wa kale pekee zinakaribia kilomita 40. Mwaka 1288 mji ulitunga sheria kwamba kila nyumba mpya ijengwe na portico yake, na mwaka 2021 UNESCO ikaziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kwa msafiri maana yake ni kwamba mvua ya Novemba hailowanishi sanduku lako, na jua la Julai halikupati sana. Nilipokwenda na mama yangu, ambaye magoti yake hayapendi safari, alitembea kutwa bila kuomba teksi. Sakafu chini ya portici ni nyororo, tofauti na mawe ya barabarani yanayoumiza visigino na kuvunja magurudumu ya masanduku.

Tatizo la portici ni sauti. Watu wawili wakisimama chini ya tao saa saba za usiku kumalizia mazungumzo, aliyelala ghorofa ya kwanza juu yao anasikia kila neno. Na Bologna haikosi watu wa kusimama chini ya tao. Chuo kikuu chake kinahesabu umri wake tangu mwaka 1088, na wanafunzi wamejaa Via Zamboni na Piazza Verdi kama walivyojaa karne zote hizo. Siku za mahafali utawaona wamemvisha mwenzao taji la majani, wanamzungusha mitaani wakimwimbia kwa sauti ya juu, na mimi huwa nasimama kuwatazama. Kulala juu yao ni jambo jingine. Via del Pratello, upande wa magharibi, ni mtaa wa baa mwanzo mpaka mwisho: nenda ukale, ukalale kwingine. Quadrilatero, vichochoro vya soko la zamani pembeni mwa Piazza Maggiore, mchana ni samaki, jibini na matunda, na jioni ni meza za vinywaji zilizobanana.

Hoteli moja, ambayo siitaji, ilitupa chumba dirisha kwa dirisha na baa. Kijana wa mapokezi alitukabidhi viziba masikio kabla hata hatujalalamika, kumaanisha walijua fika. Saa nane usiku mama akakaa kitandani akaniuliza, "Mwanangu, hawa watu hawana kwao?"

Kwa hiyo kabla ya kulipa, iandikie hoteli ujumbe mfupi wa kuomba chumba kinachotazama ua wa ndani. Majengo mengi ya zamani huko yana ua katikati, na vyumba vya upande huo ni kimya hata kama mtaa wa mbele ni wa kelele. Vingi havina mandhari. Utaona ukuta na kamba za kuanikia nguo. Mimi navichagua kila mara. Ukijibiwa kwamba vyumba vyote vinatazama barabara, uliza kama madirisha yana vioo viwili. Na ukisoma maoni ya wateja, zile alama za jumla ziruke, tafuta waliolala Ijumaa na Jumamosi, kisha uone wamesema nini kuhusu usiku.

Nikiambiwa nitaje sehemu, nitataja kusini mashariki: Via Santo Stefano na Via Castiglione, pamoja na vijia vinavyoziunganisha. Kunatulia mapema, makanisa ya Santo Stefano yako hapohapo, na kufika Piazza Maggiore ni matembezi ya dakika kumi hivi. Via Saragozza, kusini magharibi, ni ya watu wanaoishi mji huo hasa, na inakufaa kama unataka kupanda asubuhi hadi kanisa la San Luca kwa ile portico ya matao 666, karibu kilomita nne, nyingi zikiwa za kupanda. Hoteli zinazojinadi kwa ukaribu wa minara miwili ya zamani ya mji, Garisenda na Asinelli, zipime vizuri. Garisenda ilizungushiwa uzio Oktoba 2023 kwa sababu ya kuinama kwake, na Asinelli, wenye mita 97, ukafungwa kwa wapandaji. Kuitazama tu, unaitazama kutoka mtaani bila kulipa.

Wapo watakaokuja Bologna kwa ajili ya treni, na hao sheria yao ni tofauti. Treni ya kasi inafika Florence kwa chini ya dakika 40, Modena ni nusu saa au pungufu, Ravenna zaidi ya saa moja kidogo. Kama kila asubuhi unaondoka, lala upande wa kaskazini wa Via dell'Indipendenza, karibu na kituo. Hapana haiba kubwa, lakini hutaburuta mzigo. Kumbuka tu kwamba treni za kasi ziko chini kabisa ya ardhi, ngazi baada ya ngazi, kwa hiyo ongeza dakika kumi juu ya muda uliojipangia. Kutoka uwanja wa ndege kuna treni ya juu, Marconi Express, inayofika kituoni kwa dakika saba hivi. Wikiendi na sikukuu Via dell'Indipendenza, Ugo Bassi na Rizzoli hufungwa kwa magari, mabasi yanazungushwa, na miguu ndiyo usafiri. Mwenye gari la kukodi aiulize hoteli kwanza: mji wa kale una kamera zinazosoma namba za magari yasiyo na kibali, na faini itakufuata nyumbani. Hoteli nyingi zinaweza kukusajilia namba ya gari lako, ila ni lazima uombe.

Lifti usiichukulie kuwa ipo. Kuna hoteli nzuri zilizo ghorofa ya tatu ya jumba la karne nyingi, na nyingine lifti yake inaanzia ghorofa ya kwanza, baada ya ngazi ishirini za mawe. Uliza hivi: kutoka mlango wa barabarani hadi chumbani kuna ngazi ngapi? Na joto usilipuuze. Bologna iko kwenye bonde la mto Po, mbali na upepo wa bahari, na Julai hewa inasimama kabisa huku mbu wakifurahi. Mtu wa Dar au Mombasa atajiambia amezoea, lakini nyumba zile hazikujengwa kupitisha hewa. Kiyoyozi kiwe chumbani, na uweze kukiwasha mwenyewe. Majengo mengi hutumia mtambo mmoja kwa joto na baridi, na joto kwa kawaida huzimwa katikati ya Aprili na kuwashwa tena katikati ya Oktoba. Ukija wiki ambazo joto limezimwa na baridi haijawashwa, au kinyume chake, unaweza kukosa vyote viwili, basi omba blanketi la ziada siku ya kwanza.

Kabla ya yote hayo lakini, tazama kalenda ya maonyesho ya biashara. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Bologna ina uwanja mkubwa wa maonyesho, na Cosmoprof ya vipodozi mwezi Machi, maonyesho ya vitabu vya watoto wakati wa majira ya kuchipua na Cersaie ya vigae mwezi Septemba hujaza hoteli zote mpaka miji ya jirani. Chumba kilekile kinaweza kupanda bei mara mbili na zaidi, kisha wiki inayofuata kikashuka. Agosti ni kinyume chake: wenyeji wamekimbilia baharini, maduka mengi yamefungwa kuelekea tarehe 15, na bei ziko chini.

Kwa sisi tunaoomba viza ya Schengen, ubalozi unataka uthibitisho wa malazi kabla hujajua kama utapewa. Chukua chumba kinachoruhusu kughairi bila malipo, hata kama bei yake imezidi kidogo, na hakikisha majina ya wasafiri wote yamo. Tangu Januari 2025 kila malazi Italia yanapaswa kuonyesha namba ya utambulisho ya taifa, CIN, kwenye tangazo lake. Tangazo lisilo nayo liache. Ukifika watachukua pasipoti yako na kuandikisha taarifa zako kwa polisi. Ni sheria, na wageni wote wanafanyiwa hivyo, usidhani umelengwa. Mwisho kuna tozo ya mji, kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni, na hulipwa mapokezi. Uliza kiasi chake mapema, hasa mkiwa familia.