Mwanangu, mfuate mgonjwa mpaka mwisho

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona, ile unauliza uongeze nini kando na lekcha na rauni, juu unaona utamaliza miaka 6 ya udaktari na bado uogope mgonjwa. Ningekupigia lakini niko naiti wiki hii yote, wacha niandike tu.

Mimi ni nesi, mambo ya mitihani yenu sijui. Lakini hapa Kisumu wanafunzi wa udaktari wamepita wadini kwetu makundi kwa makundi, na wenye huwa wazuri si lazima wale wa kujibu konsaltanti haraka. Ni wale wanarudi jioni. Anaketi na mama ya mtoto, anauliza habari upya kutoka mwanzo, na utashangaa, mama anatoa yenye asubuhi aliogopa kusema mbele ya makoti meupe yote hayo, kwamba alishampea mtoto dawa ya kienyeji, ama tembe za dukani juzi.

Sasa wewe chukua mgonjwa mmoja ama wawili kwa wiki, wasizidi. Kabla majibu ya maabara yatoke andika unadhani ni nini, kwa nini, na ni nini kingine inaweza kuwa. Alafu umfuate mpaka aende nyumbani ama afe, na akihamishwa utafute faili. Wenzako wengi wanamwona siku ya kwanza pekee, hawajui kama walipatia ama walibahatisha, wanabaki kujiamini bure.

Malaria ndio itakudanganya sana huku kwetu. Kile kipimo cha haraka kinaweza kukaa posi, yaani kuonyesha malaria iko, wiki kadhaa na mtoto ashamaliza dawa, kwa hivyo mtoto wa homa akiwa posi usiishie hapo, inaweza kuwa nimonia. Mvue shati, angalia kifua kama kinabonyea, hesabu pumzi dakika nzima, si sekunde 15 mara 4, watoto wadogo hawapumui sawasawa. Miezi 2 mpaka 11 ikifika 50 kwa dakika anapumua haraka, mwaka mmoja mpaka 5 ni 40. Najua namba unazijua, ziko kwa protokoli za watoto za wizara. Lakini umehesabu watoto wangapi kwa mkono wako?

Ile Anki, app yako ya kadi za kukariri, endelea nayo, kwa dozi inasaidia, ila kadi tengeneza mwenyewe kutoka kwa wagonjwa umeona. Hizo za kupakua nyingi ziliandikiwa mitihani ya Marekani. Kushona vidonda utajifunza kashuati, kwa wagonjwa wa dharura, usiku, omba tu.

Na masista waamkie. Mimi ndio niko na huyo mtoto saa 9 usiku, nikikwambia sipendi vile anakaa, kuja umwone hata kama vipimo vyote viko sawa, alafu uniulize nimeona nini.

Pesa ya stetoskopu natuma mwisho wa mwezi, chukua ya kawaida. Baba yako anakusalimia. Na yule mtoto wa sikoseli ulinieleza, alienda nyumbani ama bado yuko wadi?

Mama