Uso umezama: kuandaa picha ya mtu kwa mashine ya leza

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa picha ya mzee mmoja kwenye kipande cha mninga. Kwenye skrini ilipendeza mno. Nilipofungua kifuniko cha mashine nikakuta barakashia, kola ya kanzu, na katikati doa jeusi kama tako la sufuria. Mwanawe akaigeuzageuza kwenye mwanga, kisha akaniuliza kwa upole, "Fundi, sasa baba yuko wapi hapa?" Nilirudisha hela, mbao ikabaki yangu.

Mashine haikuwa na kosa. Leza ikipiga, mbao inaungua. Isipopiga, inabaki na rangi yake. Mninga nao tayari una wekundu wa giza, kwa hiyo palipoungua na pasipoungua hapapishani sana. Ukileta uso wa Mwafrika uliopigwa picha kivulini, paji, mashavu na kidevu vyote vinaangukia upande wa kuungua. Mafunzo niliyojifunzia mimi yalitumia sura za Wazungu, na nilinakili namba zao kama zilivyo. Kwa kuanzia, chukua mbao nyeupe kama paini au plaiwudi ya rangi ya maziwa. Mninga utaurudia baadaye.

Sasa picha yenyewe. Usikimbilie kitufe cha kuondoa rangi. Kanuni ya kawaida ya kugeuza picha kuwa ya kijivu huchukua takriban asilimia 59 ya kijani, 30 ya nyekundu na 11 ya bluu. Ngozi ya kahawia ina nyekundu nyingi kuliko hizo nyingine. Fungua picha kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, itenganishe chaneli tatu, yaani tabaka za nyekundu, kijani na bluu, uzitazame moja moja: kwenye bluu uso umezama, kwenye nyekundu uso huohuo unang'aa, mikunjo ya paji inaonekana. Ila midomo nayo ni myekundu, kwa hiyo ukitumia chaneli hiyo peke yake inafifia, mtu anabaki kama hana mdomo. Mimi huchanganya na kijani kidogo mpaka midomo irudi.

Baada ya hapo inua mwanga wa rangi za katikati tu, zile zilizo kati ya nyeusi na nyeupe. Mboni na nywele ziache nyeusi, na kile kinukta cheupe cha mwanga ndani ya jicho kilinde kwa gharama yoyote. Kikipotea, jicho linakufa. Bakgraundi ifute yote iwe nyeupe, labda mteja akatae.

Kisha ipe picha ukubwa wake halisi kabla ya kuinoa, yaani kuzidisha ukali wa kingo zake. Leza ikichora mistari 10 kwa milimita ni sawa na DPI 254 (vitone kwa inchi), maana yake picha ya sentimita 15 inahitaji pikseli 1,500 kwa upana. Halafu ndiyo uinoe, uinoe hasa, mpaka kwenye skrini ionekane mbaya na kingo zina weupe pembeni. Moshi na joto vitalainisha huo ukali.

Leza haina kijivu, ni kuunguza au kuacha, kwa hiyo kijivu lazima kigeuzwe vitone; kazi hiyo iachie programu ya leza. Njia ya kutawanya vitone iitwayo Floyd-Steinberg, ya mwaka 1976, bado inafanya kazi vizuri, ingawa kwa nyuso mimi napenda nyingine iitwayo Jarvis. Ukishapata vitone usibadili tena ukubwa wala usihifadhi kama JPEG, vitavurugika. Granaiti nyeusi ni kinyume cha mbao, leza huiacha na weupe pale ilipopiga, kwa hiyo geuza picha iwe kama negativu.

Kabla ya kuchonga yote, kata jicho moja tu, sentimita 3, ulijaribu kwenye kipande cha mbao ileile. Nyuma ya ule mninga wa mzee sasa pamejaa macho.

Na picha iliyokuja WhatsApp kwa njia ya kawaida, irudishe. Mwambie mteja aitume tena kama dokumenti. Atalalamika kwamba inakula bando, mvumilie.