Kupata watu wa kujaribu pateni ya sweta la mtoto

Dada wa Ujiji, nimekuelewa, umebuni sweta la mtoto, hatua za kulifuma umeandika (hiyo ndo pateni), sasa unatafuta watu walifume kwa kujitolea uone kama maelezo yanaeleweka kabla hujaanza kuyauza. Mie nipo Kasulu, huku baridi ipo kwa hiyo wafumaji hawakosekani, ongea na kinamama wa vikoba au jumuiya ana kwa ana. Ila usichukue mafundi watupu!! Fundi akikuta umekosea anarekebisha kichwani anaendelea, wala hakwambii. Sweta langu mafundi wawili walilimaliza vizuri tu, binti anayejifunza ndo akaniuliza mbona mkono mmoja umebaki na vitanzi 38 na mwingine 36, kuangalia kumbe niliruka mstari mzima. Watano wanatosha, wafume saizi tofauti, na jua wawili watapotea hata simu hawapokei. Kila mtu aanze na kipande cha sentimita 10 kwa 10 ahesabu vitanzi, maana kuna anayekaza uzi na anayelegeza. Uzi nunua wewe jamani. Na pateni usiitupe kwenye grupu la WhatsApp, utaikuta inauzwa na mwingine, mpe kila mtu karatasi yake. Vipimo vya saizi kama huna uhakika mlipe fundi mzoefu avipitie kwanza.