Re: AS5300 yenye E1 4, kasi ndogo na laini kukatika

Mkuu, umesema wateja wanaopiga kwa modemu kwenye AS5300 yako (seva ya Cisco ya kupokea simu za modemu), yenye E1 nne (laini za dijitali za kampuni ya simu), wanaunganishwa kwa kilobiti 26 hadi 28 kwa sekunde na kukatika baada ya dakika chache, ilhali simu za sauti hapo hapo zinapita vizuri. Hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye.

Kukatika: angalia kwanza saa ya E1, yaani mpigo unaolinganisha kasi ya biti za pande mbili. Andika `show controllers e1` usome Slip Secs (sekunde ambazo data ilipotea au kurudiwa kwa sababu ya saa), kisha rudia baada ya dakika 15. Namba ikipanda, saa ya kifaa chako hailingani na ya kampuni ya simu. Baiti moja ikipotea, sikio halitambui, lakini modemu hulazimika kujipanga upya na mara nyingi hukata. Kwenye E1 moja weka `clock source line primary`, zilizobaki `secondary`. Hakikisha pia pande zote mbili zina hdb3 (namna ya kusimba biti kwenye waya), na crc4 (ukaguzi wa makosa) iwepo kote au isiwepo kabisa. Kama E1 zako zinatoka kampuni mbili tofauti, hapo ndipo pa kushuku zaidi.

Kasi: V.90 (kiwango cha modemu za kilobiti 56) inavumilia ugeuzaji mmoja tu kati ya analogi na dijitali, ule wa upande wa mteja. Akiwa nyuma ya PBX (swichibodi ya simu) ya ofisi, au anagawana jozi ya waya na jirani kupitia kifaa cha kuzidisha laini, anashuka hadi V.34, kiwango cha zamani zaidi ambacho mwisho wake ni kilobiti 33.6 kwa sekunde. Jaribu kupiga kutoka laini ya moja kwa moja iliyo karibu na ekscheinji (kituo cha kampuni kinachounganisha simu). Ukipata zaidi ya kilobiti 40, seva yako haina kosa, na kubadilisha programu ya modemu hakutasaidia.